Simbamangu Kwenye Banda la Mama Mkwe

Obedi, fundi wa kuchomelea, alikuwa na sifa moja Mirongo nzima, alikofanyia kazi: mlango wake ukifungwa, umefungwa. Wenye maduka walimjua kwa hilo, wenye nyumba walimjua, na hata vibaka, kama wangekuwa watu wa kusema kweli, wangekiri kwamba wanamjua. Jambo ambalo yeye mwenyewe hakulijua ni kwa nini mkewe, Rose, alifungasha nguo zake mvua za masika zilipoanza akarudi kwa mama yake, juu kabisa Buswelu, pale nyumba zinapoishia na mawe yanapoanza.

Na kuuliza nako kulikuwa kazi. Angekuwa mtu wa kabila jingine angekwenda, angekaa kwenye kiti, angesema na mama mkwe yakaisha. Lakini hawa walikuwa Wasukuma wa kushika mila, na kwao mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani. Wakikutana njiani, mmoja anajitosa shambani mpaka mwenzake apite. Hawali pamoja, hawashikani mikono, hawakai chini ya paa moja. Si chuki, ni heshima, ila ni heshima inayochosha kuliko chuki. Tangu amwoe Rose, Obedi hakuwahi kuona chochote cha mama mkwe wake isipokuwa mgongo, na mara moja ncha ya kitenge ikipotea nyuma ya jiwe. Hata kwenye picha za harusi mama huyo alikuwa ametazama pembeni.

Kwa hiyo alimtuma Paulo, jirani yake, aliyekuwa mshenga tangu mwanzo. Paulo alikwenda, akanywa uji, akarudi na jibu moja tu.

"Rose anasema amechoka na ule mlango."

"Mlango gani?"

"Wa nyumba yenu, ya Nyakato. Ndivyo alivyosema, na hakuongeza neno."

Obedi alilichukua neno hilo akalala nalo, na asubuhi akawa amelielewa, au alidhani hivyo. Kweli, ule mlango ulikuwa wa zamani. Rangi ilikuwa imebanduka, na chini ulishaanza kuliwa na kutu. Mwanamke mwenye mume fundi anakaa nyuma ya mlango kama ule! Akanunua nondo nene, akachomelea mlango mpya wenye maua ya chuma, akaupaka rangi ya dhahabu, na nje akaweka komeo jipya zito la kutia kufuli. Komeo la nje lilikuwa la lazima. Tangu waoane, kila asubuhi akienda kazini alikuwa akimfungia Rose ndani kwa usalama, maana vibaka mtaani walikuwa wengi na mke alikuwa mmoja. Mchana alirudi kumfungulia ili aende sokoni, na akisharudi sokoni alimfungia tena. Hakuna siku aliyomkaripia wala kumnyooshea mkono. Mbele ya wenzake alijisifu kwamba hakuna mke Nyakato anayetunzwa kama wake.

Akapeleka habari za mlango mpya. Rose hakujibu hata kidogo, na hilo lilimuumiza Obedi kuliko tusi.

Kisha siku moja simu ikaja, si ya Rose bali ya Paulo. Mnyama alikuwa anamaliza kuku wa mama mkwe. Ameng'oa wavu wa juu bandani, anaingia alfajiri na kutoka anavyotaka, na asubuhi wanakuta manyoya tu. Fundi anaombwa aje arekebishe. Mama atakuwa kwenye sala za jumuiya, hatakuwapo nyumbani, na Rose atakuwa amekwenda kuuza mayai lakini atarudi.

Atarudi! Obedi alilisikia neno hilo peke yake. Alivaa shati la kanisani, akabeba mfuko wa vifaa, na njiani akawa anajifunza maneno ya kumwambia mkewe. Maneno yalikuwa mengi na mazuri, na yote yaliishia kwa "twende nyumbani".

Banda lile alilijenga yeye mwenyewe, mwaka mama mkwe alipokwenda kumuuguza dada yake huko Kigongo ili fundi apate nafasi ya kufanya kazi bila kuonana naye. Kuta za tofali, paa la bati, nafasi nyembamba ya hewa chini ya bati upande wa nyuma iliyozibwa kwa wavu, na mlango wa chuma ambao ndio ulikuwa fahari yake. Ulikuwa na springi. Ukiuachia unajirudisha, komeo linaruka mahali pake lenyewe, na kwa ndani hakuna hata pa kushika. Kuku afungue mlango wa nini? Siku zote mama mkwe aliuegeshea jiwe ili usijifunge.

Alipofika alibisha hodi. Kimya. Kuku walikuwa nje wakiparua, na ziwa lilionekana mbali chini, jeupe kwa jua. Mlango wa banda ulikuwa wazi, na jiwe lake lilikuwa mahali pake. Obedi akaingia. Na kwa kuwa alikuwa fundi, na fundi hawezi kupita kazi yake bila kuijaribu, akalisukuma jiwe kwa mguu ili aone kama springi bado ina nguvu.

Ilikuwa na nguvu. Mlango ulijibamiza nyuma yake kwa kishindo, na ndipo alipoona kwamba hayuko peke yake.

Kwenye kona ya nyuma, chini ya ile nafasi ya hewa, mtu alikuwa amechuchumaa na kujifunika kitenge gubigubi. Mama mkwe. Jumuiya ilikuwa imeahirishwa, naye alikuwa ameingia bandani kumwangalia kuku wake anayeatamia. Aliposikia hodi akaona aibu kutoka na kukutana na mkwe uso kwa uso, akajificha humo humo. Alijificha mahali pekee ambapo fundi alikuwa ameitwa aje.

Obedi aligeuka kukimbia, akaukumba mlango kwa bega. Aliusukuma, akaupiga, akatafuta kwa vidole pa kushika. Alikuwa anaijua kazi hiyo vizuri. Hapakuwa na pa kushika. Grinda, mashine ya kukatia chuma, ilikuwa kwenye mfuko wa vifaa lakini umeme ulikuwa nyumbani kwa mama, nje; na simu aliisahau nyumbani alipobadili shati. Basi akafanya kitu kimoja tu ambacho adabu ilimruhusu: aligeukia ukuta wa kushoto akabandika uso wake karibu na tofali.

"Shikamoo, mama," aliuambia ukuta.

Mama mkwe naye alikuwa amegeukia ukuta wake. Hatimaye sauti ikatoka ndani ya kitenge, lakini haikumwelekea yeye. Ilielekea kwenye tenga lililofunikwa katikati ya banda, ambamo kuku alikuwa ameatamia mayai yake.

"Wewe kuku," ilisema, "mwambie huyo fundi marahaba. Na umwambie aache kupiga huo mlango, amemwamsha."

"Kuku," Obedi alisema, jasho likianza kumtoka, "muulize mama, nimemwamsha nani?"

Hakusubiri kuku ajibu. Aliinua macho kidogo na kuyaona masikio. Juu ya fito wanazolalia kuku, usawa wa kichwa chake, kwenye kivuli chini ya bati, palikuwa na masikio mawili marefu, meusi kwa nyuma, kila moja na kishungi cha nywele nyeusi kikining'inia nchani. Chini ya masikio yalikuwapo macho, nayo yalikuwa yakimtazama Obedi. Mnyama alikuwa na rangi ya udongo mwekundu, miguu mirefu iliyokunjwa chini ya tumbo, na mkia mfupi ambao haukutulia.

"Chui," Obedi alinong'ona. "Mama, chui! Kuku, mwambie mama kuna chui!"

"Yaya, hapana. Si chui. Mwambie ni simbamangu, paka wa nyikani. Leo kapitiwa na usingizi humu, nami nimemwona nimeshajificha; apunguze sauti."

Mnyama alifunua meno akatoa sauti ya kukwaruza. Obedi akajibandika mlangoni. Akavuta pumzi kupiga yowe.

"Mwambie asithubutu!" Mama mkwe alikuwa mkali safari hii. "Akipiga yowe, mtaa mzima utakuja na mapanga na mbwa. Watafungua huo mlango kwa fujo, mnyama atatupitia sisi kwanza. Na akishauawa watatazama ndani, watanikuta mimi na mkwe wangu kwenye banda moja, tumefungiwa. Muulize nitahamia wapi baada ya hapo? Kisiwani?"

Yowe likamfia Obedi kooni. Lakini hofu haikufa. Banda lilikuwa dogo. Alikuwa amelipima mwenyewe, akajua kila upande wake, na bado lilizidi kuwa dogo. Hewa ilikuwa ya kinyesi cha kuku na dagaa wa chakula chao. Bati lilikuwa limeshika jua. Alihisi ukuta unamsogelea mgongoni, akajikuta anaupapasa tena mlango juu, chini, pembeni, kama mtu aliyesahau kwamba ameshaupapasa. Alitaka kulia, na aliona aibu kwamba anataka kulia mbele ya mama mkwe, na aibu hiyo ikamzidishia kutaka kulia.

Simbamangu akasimama juu ya fito. Alitazama ile nafasi ya hewa yenye wavu uliong'oka, kisha akamtazama mama mkwe aliyekuwa chini yake, akarudi kujilaza. Akafanya hivyo tena.

"Kuku," mama mkwe alisema polepole, "mwambie fundi amtazame vizuri huyo mnyama. Mimi nimechunga ng'ombe Meatu nikiwa msichana, nawajua. Huyu anaruka juu akamdaka kanga akiwa hewani. Akilala chini nyikani unampita, unadhani ni kichuguu. Anaishi peke yake, hana ugomvi na mtu. Hapa juu alikuwa anakaa kwenye mawe, na mawe yenyewe wapasua kokoto wameyamaliza. Hana shida na sisi. Shida yake ni njia, na njia yake nimeikalia mimi."

"Basi mwambie mama asogee!"

"Nisogee wapi?" Alisahau kumtaja kuku. "Upande wa kushoto yuko yeye juu. Kulia ni viota. Pamebaki hapo mlangoni, ulipo wewe."

Hapo mlangoni palikuwa na nafasi ya mtu mmoja, au ya watu wawili waliosimama bega kwa bega, nguo zikigusana. Mkwe na mama mkwe. Obedi alijaribu kufikiria jambo hilo, na akili ikakataa kulitazama, kama yeye alivyokuwa amekatazwa kumtazama huyu mama.

Ndipo kuku akaanza kutetea. Huenda mayai yalianza kupasuka chini yake, huenda alichoka tu kutumwa. Alipiga kelele ndani ya tenga, na simbamangu akajikunja. Obedi aliona miguu ya nyuma ikikusanyika. Kati ya mnyama na ile nafasi ya hewa alikuwapo mama mkwe, amejifunika, hajui lolote.

"Mama!" Obedi alisema, na hakuuambia ukuta wala kuku. "Njoo. Njoo huku sasa hivi!"

Kitenge kikafunguka. Obedi akauona uso wa mama mkwe kwa mara ya kwanza maishani mwake, na ulikuwa uso wa Rose uliozeeka: macho yale yale, pengo lile lile dogo katikati ya meno ya mbele. Mama alipita katikati ya banda kwa hatua ndefu ambazo mtu hangezitegemea kwake, akaja kusimama kando ya mkwe wake, bega lake chini ya bega la Obedi, wote migongo imeubana mlango.

"Usimtazame machoni," alisema. "Tulia. Mpe njia."

Walitulia. Simbamangu hakutoka mara moja. Njia ilikuwa wazi kabisa, anga lilionekana pale wavu ulipong'oka, na bado alibaki amelala, masikio yakigeuka huku na huku. Obedi alishangaa. Si alikuwa anataka kutoka?

"Mbona haendi?"

"Haamini," mama alisema. "Aliyezibiwa njia, ukimfungulia haamini siku hiyo hiyo."

Kisha pasipo ishara yoyote mnyama akaruka. Obedi hakuuona mruko wenyewe. Aliona rangi ya udongo ikipita juu, akasikia bati likigongwa na kucha zikikwaruza tofali, na pale palipokuwa na mnyama pakabaki fito zinazotikisika. Amekwenda kwenye mawe yake yaliyobaki.

Obedi akakaa chini kwenye pumba. Bado hawakuweza kutoka, maana ile nafasi ilimtosha paka na haikumtosha mtu. Mama mkwe naye akakaa, akampa mgongo, akajifunika tena kichwa. Lakini sauti yake haikurudi kwa kuku.

"Umeogopa."

"Sana, mama."

"Yule mnyama au mlango?"

Obedi alifikiri. Mnyama alikuwa ameondoka, na vidole vyake bado vilikuwa vinatafuta pa kushika.

"Mlango," alisema.

"Rose alikwambia kwamba jirani yenu aliunguliwa?"

"Aliniambia jiko la jirani liliwaka moto mchana, wakauzima." Alikumbuka hata kwamba siku hiyo alicheka, akasema jirani huyo ni mzembe.

"Moshi wote uliingia kwako. Mwanangu alikuwa ndani na kufuli lilikuwa nje. Watu walikuwa wanapita na ndoo za maji, yeye ameshika nondo za dirisha anawaita, wanamwambia subiri dada, tuzime kwanza. Baadaye ukaja kumfungulia aende sokoni, akaenda. Hakukwambia kwa sababu alijua utafanya nini. Ungeongeza nondo. Na umeongeza."

Obedi aliinamisha kichwa, na hapo ndipo alipolia, bila kujali tena nani yuko pale. Aliona aibu iliyo mbaya kuliko ile ya mwanzo. Ile ya mwanzo ilikuwa ya mila, na hii ilikuwa yake peke yake. Alimwona Rose akipapasa ule mlango wa zamani wenye kutu, juu, chini, pembeni, kila siku ya Mungu, hana pa kushika.

Nje ndoo iliwekwa chini. Hatua zikaja.

"Nani yumo humo?" Ilikuwa sauti ya Rose.

"Ni mimi," mama yake alijibu.

"Na nani? Nimesikia watu wawili."

"Na fundi."

Rose akashika komeo. Komeo likasogea kidogo, kisha likasimama. Obedi alimsikia akipumua upande wa pili wa chuma. Siku nyingine angesema fungua, unangoja nini. Alingoja, maana alikuwa ameelewa kwamba mwenye mkono kwenye komeo ndiye mwenye kuamua.

"Rose," alisema mwishowe, "nilidhani unataka mlango mzuri zaidi."

"Na sasa?"

"Sasa nimeuona kwa ndani."

Komeo likavutwa. Mwanga ukaingia, Obedi akageukia ukuta kwa adabu mpaka mama mkwe atoke. Alisikia kitenge kikipita, kisha miguu ikizunguka nyuma ya nyumba, na akajua kwamba hatauona tena uso ule. Alipogeuka, Rose alikuwa ameushikilia mlango kwa mgongo wake ili usijifunge. Yale maneno mazuri ya njiani yalikuwapo yote mdomoni mwa Obedi. Aliyameza. Alitengeneza wavu, akaitoa springi ya mlango akaitia mfukoni, akaaga, akashuka mlima peke yake.

Nyakato walimcheka. Fundi wa milango analikata komeo la mlango wake mpya, cheche zinaruka mpaka barabarani! Alilikata kwa nje akalichomelea kwa ndani, upande wa anayekaa. Nondo za dirisha moja akazing'oa, akaweka nyingine zinazofunguka kwa ndani. Paulo alimuuliza apeleke ujumbe gani Buswelu, naye akasema asipeleke ujumbe wowote.

Siku zikapita, Obedi akizihesabu kimoyomoyo na kujifanya hazihesabu. Kisha Jumapili moja, baada ya misa, Rose akaonekana mwisho wa uchochoro, tenga mkononi, na ndani ya tenga yule kuku na vifaranga vyake. Alikuja mpaka mlangoni akasimama.

Obedi alikuwa amekaa pale pale kizingitini, anamenya ndizi. Moyo ulimwambia aruke amshike mkono. Akainuka, akamwachia njia, akaenda hadi kwenye pipa la maji mwisho wa ua, akageukia ukuta na kuutazama, kama mtu anayempisha mkwe.

Alisikia hatua zikiingia. Komeo likafungwa kwa ndani. Likafunguliwa. Hatua zikatoka mpaka nje kabisa, barabarani, na moyo wa Obedi ukatoka nazo, lakini hakugeuka. Zilikaa huko. Zikarudi. Zikaingia tena, komeo likafungwa, likafunguliwa, na kwa muda mrefu hakusikia kitu isipokuwa vifaranga vikilia.

"Wewe kuku," Rose, aliyesimuliwa yote na mama yake, alisema kutoka ndani, "mwambie huyo fundi nimeingia. Na nikitaka kutoka, nitatoka."

Obedi alifuta macho kwa mkono uliojaa utomvu wa ndizi.

"Kuku," aliuambia ukuta, "mwambie nimesikia."